Siku Saba na Vitabu vya Mtumba: Tabora hadi Kigoma kwa Treni

Siku ya kwanza: Tabora, Soko Kuu

Mkobani mna vitu sita: rula ya sentimita 30, penseli ya HB, raba nyeupe, brashi ya rangi ya inchi 2 ambayo haijawahi kugusa rangi, daftari, na simu yenye tochi inayowaka sawasawa. Fedha zimevunjwa mapema. Noti za elfu moja na elfu mbili ndizo nyingi, jero zimejaa mfuko wa mbele, na msimbazi mmoja, noti ya elfu kumi, umefichwa nyuma kwa dharura. Ukimpa muuza vitabu noti ya elfu kumi kwa kitabu cha elfu mbili saa mbili asubuhi, chenji hatakuwa nayo. Atakuongezea vitabu vinne usivyovitaka, na kimoja kati ya hivyo kitakuwa ni mwongozo wa kompyuta ambazo hazitengenezwi tena.

Vitabu vya mtumba Tabora havina mtaa wao. Vimelala juu ya turubai katikati ya chaja za simu na mikanda ya suruali; vingine vimo kwenye boksi chini ya meza ya muuza madaftari; na vile vya kuwahi viko kwa mama wa karanga, vikisubiri kuchanwa. Karatasi ya kufungia hununuliwa kwa kilo, na anayeuza kwa kilo hajali kama ni riwaya au ripoti ya mwaka. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza unaanzia kwenye karanga. Kitabu kisicho na jalada bado kinafaa ikiwa kurasa zote zipo. Tatizo ni kwamba mchanaji huanzia mbele, penye jina la kitabu na mwaka wa kuchapishwa, kwa hiyo ukichelewa siku moja unakuta hadithi iko kamili ila haijulikani ni ya nani.

Mzunguko wa kwanza haununui kitu. Unapita meza zote, unakumbuka kilipo unachokitaka, unaendelea. Ukisimama na kutabasamu mbele ya jalada, bei imeshapanda.

Kitabu kikishikwa, kazi ya kwanza ni ya pua. Harufu ya vumbi haina neno. Harufu ya udongo mbichi, kama chini ya mtungi, ni ukungu ulio hai, na kitabu hicho hakiingii mkoba mmoja na vingine hata kikiwa cha bure. Kazi ya pili ni mgongo. Utazame kwa juu, penye kichwa cha kitabu. Ukiona karatasi zimekunjwa katika mafungu madogomadogo, kitabu kimeshonwa. Fungua katikati ya fungu lolote utauona uzi. Ukiona karatasi zimenyooka kama tofali, kimegandishwa kwa gundi tu. Gundi ya zamani hukauka ikawa kama gamba, na kitabu kikifunguliwa chote kwa nguvu hukatika vipande viwili katikati. Kifungue nusu tu, kama mlango unaochungulia.

Kazi ya tatu, ambayo wengi huiruka, ni namba za kurasa. Vitabu vilivyoshonwa hukusanywa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32. Ukikuta ukurasa wa 32 unafuatwa na wa 49, limeanguka fungu zima. Ukikuta 33 hadi 48 zimo mara mbili na 49 hadi 64 hazimo kabisa, hilo ni kosa la kiwandani na kitabu kilitoka dukani hivyohivyo. Hicho huwa kisafi kupita kiasi, na sababu yake ni kwamba hakuna aliyewahi kukimaliza. Pitisha kidole gumba kwenye kona za chini kama unavyohesabu noti. Dakika moja inatosha kwa kurasa 200. Picha na ramani mara nyingi hazihesabiwi katika namba, kwa hiyo zitafute kwenye orodha ya mwanzo kisha uzione zenyewe kwa macho.

Vinakuja pia vile vya kurudufu, hasa vya kidato cha tano na sita. Dalili zake: maandishi ya kijivu yasiyo na ncha kali, picha zilizogeuka mabaka meusi, mstari wa juu unaopinda kidogo kuelekea mgongoni, na kivuli cheusi pembeni ambako asili ilikuwa imekunjwa. Jalada lake linang'aa kuliko kitabu chenyewe. Mbali na suala la haki ya mwandishi, karatasi zake zimegandishwa moja moja, kwa hiyo zinang'oka moja moja.

Vitabu vya shule vina tatizo lake. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na tangu hapo vitabu vingi vya mtaala uliopita vimeshuka bei kwenye turubai. Kwa Historia au Uraia angalia mwaka kwanza. Kwa Hisabati na Fizikia, mazoezi yenye majibu nyuma bado yanafanya kazi ileile. Nguvu ya mvutano ya dunia haijabadilishwa na wizara.

Bei huzungumzwa mwishoni kabisa, kitabu unachokitaka kikiwa katikati ya viwili usivyovihitaji sana.

"Karibu, mwalimu. Hapo mali safi tupu." Kila anayeinamia vitabu Tabora ni mwalimu.

"Ahsante. Hiki kinakwendaje?"

"Elfu tano tu, mwalimu wangu."

"Mgongo umeachia, kaka, tazama. Na hivi viwili?"

"Tatu tatu. Ndiyo kwanza unanifungulia biashara."

"Vyote vitatu elfu sita."

"Leta saba nikufungie."

Saba ni bei ya haki kwa vitatu. Kasoro huonyeshwa kwa kidole bila kukitukana kitabu, maana muuzaji aliyetukaniwa mali yake hapunguzi. Na ukishakubaliwa bei uliyoitaja mwenyewe, lipa. Kuondoka hapo ni utovu wa adabu, na kesho utapita meza ileile.

Siku ya pili: Tabora, siku ya mihuri

Leo kazi ni kusoma kila kitu ndani ya kitabu isipokuwa kitabu chenyewe: mihuri, saini, bei za penseli, vipande vilivyoachwa kati ya kurasa.

Tabora ni mji wa shule, reli na misheni, na vitabu vyake vinasema hivyo. Muhuri wa E.A.R.&H. ni wa shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, lililokuwa na jina hilo kuanzia 1948 hadi 1969, kisha reli na bandari zikatenganishwa. Kwa hiyo kitabu chenye muhuri huo kilikuwa kwenye rafu ya watu wa reli kabla ya 1969, hata kama ukurasa wa mwaka umeliwa na mchwa. Jina la East African Literature Bureau linakupa mipaka mingine: ofisi hiyo ilianza 1948 na ikaanguka pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. "Tanganyika" kwenye anwani ya mchapishaji huwa ni dalili ya kabla ya 1964. Mihuri mitatu ya namna hii katika kitabu kimoja hukupa umri kwa karibu kuliko maneno ya muuzaji.

Vitabu vya kanisa ni rahisi zaidi, na Tabora vipo kwa sababu Tanganyika Mission Press ilikuwa Kipalapala, nje kidogo ya mji. Katekisimu, vitabu vya nyimbo, maisha ya watakatifu, vijitabu vya kilimo na afya: tafuta herufi T.M.P. chini ya ukurasa wa jina. Mwaka usipokuwepo, tafuta neno "Imprimatur", yaani ruhusa ya kanisa ya kuchapa, nyuma ya ukurasa huo, kwa kuwa chini yake askofu huweka jina, mji na tarehe. Ikiwa aliyetia saini ni "Vicarius Apostolicus", uko kabla ya 1953, mwaka ambao majimbo ya Tanganyika yalipewa hadhi kamili na Tabora ikawa jimbo kuu. Vijitabu hivi vilifungwa kwa pini, na pini ndiyo adui wake. Itazungumzwa siku ya saba.

Hapa kuna hadithi ya mezani ambayo hutaikwepa: "Hiki kilikuwa cha Nyerere." Ni kweli Mwalimu alisoma Tabora School kuanzia 1937 hadi 1942, na baada ya Makerere akafundisha St. Mary's mjini hapahapa kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Lakini kitabu kilichochapwa 1958 hakikuweza kuwa dawatini mwa mwanafunzi wa 1940. Geuza ukurasa wa jina, soma mwaka, rudisha kitabu kwa heshima, tabasamu. Kinachostahili kutafutwa ni tafsiri zake za Shakespeare, na hapo tahajia ya jina ndiyo inayotenganisha matoleo: la 1963 limeandikwa Julius Caezar, na lililosahihishwa la 1969 ni Juliasi Kaizari. Wauzaji wengi hudhani lile la kwanza limekosewa jaladani, wakalishusha bei. Nani wa kuwasahihisha?

Mwaka wa hakimiliki si mwaka wa chapa. Soma mpaka mstari wa mwisho wa ukurasa huo: "Chapa ya kwanza 1971, ya pili 1974, ya tatu 1978" maana yake unashika kitabu cha 1978. Vitabu vya Ulaya huweka safu ya namba, 10 9 8 7 6 5 4 3. Namba ndogo kabisa iliyobaki ndiyo chapa, kwa hiyo hiki ni cha tatu.

Kisha ile mihuri ya kuogopa. "Mali ya shule" bila alama yoyote ya kufutwa ina maana kitabu bado ni cha shule. Maktaba ikiondoa kitabu hupiga muhuri wa kuondolewa au hukata namba yake kwa mistari miwili. Kisipokuwa na alama hiyo, kiache. Na kama shule iko mji uleule, mwambie muuzaji akirudishe. Vivyo hivyo kile kilichoandikwa kwamba hakiuzwi. Majalada ya ofisi za serikali, hata yakiuzwa kwa kilo pamoja na magazeti, si ya kununua: nyaraka za umma zina sheria yake.

Vinavyodondoka leo kati ya kurasa: picha ya pasipoti ya kijana mwenye nywele za afro, risiti ya mafuta ya taa, jani la mwembe lililokauka likawa wavu mtupu, na ukurasa wa barua unaoanza na "Salamu nyingi kama mchanga wa bahari" na kuishia hapohapo, hauna upande wa pili. Vyote vimerudishwa palepale vilipokuwa, ila jani, kwa sababu jani huacha doa la kahawia kwenye kurasa mbili zinazotazamana.

Siku ya tatu: kufunga mzigo

Vitabu 74. Kitabu cha jalada laini cha kurasa 200 kina uzito wa karibu gramu 200 hadi 250, kwa hiyo vyote 74 ndani ya boksi moja la sabuni ni kama kilo 15 hadi 18. Zaidi ya hapo kamba inakata mkono na mchukuzi anaongeza bei. Boksi mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa.

Vikubwa hulala chini, vidogo juu. Kitabu kisisimame kwa upande wa kufungulia, yaani mgongo ukiwa juu: uzito wa kurasa huuvuta mgongo mpaka unaachia. Nafasi zilizobaki hujazwa magazeti yaliyokunjwa, si nguo mbichi. Kamba ya katani inapita juu ya vipande vya boksi vilivyowekwa kwenye kona, la sivyo inakata majalada ya juu kama uzi kwenye sabuni. Nje, sandarusi.

Na jirani wa mzigo achaguliwe. Tabora abiria hupanda na madumu ya asali. Asali ikivuja kidogo, sisimizi wataifuata mpaka ndani ya boksi lako kabla hujafika Urambo.

Siku ya nne: njiani

Reli hii ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Tabora mabehewa hugawanywa: ya Mwanza huenda kaskazini, ya Kigoma huendelea magharibi, na Kaliua njia ya Mpanda nayo huchepuka. Usoke, Urambo, Kaliua, Nguruka, mto Malagarasi, Uvinza. Kama kilomita 400, na muda wa kutosha kuviandikisha vitabu kwenye daftari.

Visivyo na jalada ndivyo vinavyofanyiwa kazi sasa. Ikiwa karatasi ya nyuma imebaki, namba ya ISBN itakuambia mengi. Namba hizi zilianza kuenea mwaka 1970 zikiwa na tarakimu 10, na tangu 2007 zina 13, zikitanguliwa mara nyingi na 978. Kundi la 9976 au 9987 ni Tanzania. 9966 ni Kenya. 9970 ni Uganda. Kitabu cha Kiswahili chenye 9966 kimetoka Nairobi, na hiyo inaeleza kwa nini msamiati wake wa shule haufanani kidogo na wa huku.

Ule mfululizo wa Heinemann wa waandishi wa Kiafrika, ulioanza 1962, una faida ya pekee: namba ya kitabu katika mfululizo imo ndani ya ISBN. 0 435 90036 6 ni kitabu cha 36. Cha leo kimeraruka kona, na kinachosomeka ni 0 435 900, kisha doa, kisha 6 6. Tarakimu iliyopotea inapatikana kwa hesabu. Zidisha ya kwanza kwa 10, ya pili kwa 9, ukishuka hivyo mpaka ya mwisho kwa 1. Jumla lazima igawanyike kwa 11 bila baki. Zilizobaki zinaleta 167. Iliyopotea huzidishwa kwa 3. Namba inayofuata inayogawanyika kwa 11 na kutoa jibu kamili hapa ni 176, pungufu ni 9, na 9 ni 3 mara 3. Kwa hiyo ni cha 36. Kinaandikwa jina kwa penseli, kwa herufi ndogo, ndani ya jalada la nyuma. Kalamu ya wino hairuhusiwi katika safari hii.

Uvinza chumvi inapakiwa. Magunia yake yakiegemea boksi lako, sogeza boksi. Chumvi huvuta unyevu wa hewa na kuutoa chini kama jasho, na boksi la karatasi hunywa kila kitu.

Siku ya tano: Kigoma, Mwanga

Hewa imebadilika. Tabora iko juu kama mita 1,200 na kiangazi chake hukausha karatasi mpaka inavunjika. Ziwa liko chini ya mita 800, na hapa kitabu kinavimba. Vitabu vya Kigoma vina mawimbi chini ya ukurasa, madoa ya rangi ya kutu, na mara nyingine ukingo ulioinuka kwa sababu boksi lilikaa sakafuni wakati wa masika.

Ila meza zina kitu ambacho Tabora hakipo: Kifaransa. Burundi iko jirani, Kongo iko ng'ambo, na vitabu huvuka pamoja na vitenge na sabuni.

"Shikamoo mama. Hivi vya Kifaransa bei gani?"

"Marahaba baba. Hivyo havina wasomaji, chukua vyote kwa elfu kumi."

Vyote ni kumi na tisa. Kabla ya kusema ndiyo, jifunze kuvisoma mgongoni. Kitabu cha Kiingereza na cha Kiswahili huandikwa jina mgongoni kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo unainamisha kichwa kulia. Cha Kifaransa huandikwa kutoka chini kwenda juu, unainamisha kushoto. Rundo lililochanganywa linaumiza shingo kweli. Anayepita mbali hudhani unakataa kila kitabu unachokiona. Lirundike upya kwa lugha, fanya kazi upande mmoja, kisha mwingine.

Mwaka wake usiutafute mwanzoni. Nenda ukurasa wa mwisho kabisa, penye maneno "Achevé d'imprimer", ambapo mpiga chapa huandika mwezi na mwaka aliomaliza kazi. "Dépôt légal", yaani tarehe ya kukabidhi nakala kwa mujibu wa sheria, iko karibu na hapo. Na kitabu cha zamani chenye kurasa zilizoungana juu au pembeni hakijaharibika: hakijawahi kukatwa. Vilikuwa vikiuzwa hivyo, msomaji akate mwenyewe. Tumia kisu butu cha mezani au ukingo wa rula, kikiwa kimelala, ukisukuma kutoka ndani kwenda nje kidogo kidogo. Kidole kinachana ovyo, wembe unakimbia.

Katika kumi na tisa, saba ni vya sheria na uhasibu, vinne ni riwaya, kimoja ni kamusi isiyo na herufi A yote na nusu ya B. Kamusi ichunguzwe sehemu mbili, mwanzo na mwisho, kwani ndizo zinazokwanyuka. Pia kuna vitabu vya dini vya Kiswahili cha Kongo na vya Kirundi. Vya Kirundi huchukuliwa haraka hapa, maana Kiha ni jirani yake wa karibu na mtu wa Kasulu anasikia mengi bila kufundishwa.

Riwaya za kipelelezi za miaka ya 1980 zinaulizwa kila meza, na za Ben Mtobwa zaidi, kwa kuwa ni mzaliwa wa mkoa huu. Zilichapwa kwenye karatasi ya gazeti. Karatasi hiyo ina asidi ya mbao, inageuka rangi ya chai na kuvunjika ikikunjwa kona mara mbili. Jaribu kona moja tupu ya ukurasa wa mwisho: ikunje taratibu, ikunjue. Ikikatika mara ya kwanza, hicho ni kitabu cha kusomwa mara moja mezani, si cha kuazima watu.

Siku ya sita: Ujiji

Kilomita chache tu kutoka mjini. Stanley alimkuta Livingstone hapa Novemba 1871, kwa hiyo atakuwepo wa kukuonyesha "kitabu chenyewe cha Stanley". Kile cha kwanza kilitoka London 1872. Kitabu cha 1872 hakina msimbo wa mistari nyuma.

Vizuri vya Ujiji ni vya madrasa na vya mashehe: juzuu, vitabu vya fikihi, tafsiri zenye Kiarabu juu na Kiswahili chini. Hufunguliwa kutoka kulia, kwa hiyo jalada unalodhani la nyuma ndilo la mbele, na ukurasa wa jina uko huko. Mnunuzi asiyejua hulalamika kwamba mwanzo haupo. Karatasi nyingi ni nyembamba sana. Zihesabu kwa kupuliza, si kwa kulamba kidole.

"Shehe, hiki nacho kinauzwa?"

"Tazama muhuri, kijana. Hicho wakfu. Kaa ukisome hapahapa, chai inakuja."

Wakfu haununuliwi, haurithiwi, hautolewi zawadi. Muhuri wake huwa ukurasa wa kwanza na mara nyingine pembeni mwa kurasa zilizofungwa, ili uonekane hata kitabu kikiwa kimefungwa. Chai ilikuwa na iliki nyingi.

Siku ya saba: Kigoma, kusafisha

Kazi ya leo imekula siku nzima, na ndiyo iliyo na starehe yake.

Vilivyo na vumbi tu hupigwa brashi kutoka mgongoni kuelekea nje, kitabu kikiwa kimebanwa kwa nguvu ili vumbi lisiingie ndani. Raba husafisha pembezoni mwa kurasa na alama za penseli, ikisuguliwa upande mmoja. Ukirudi nyuma unakunja karatasi. Vyenye unyevu husimamishwa kivulini penye upepo, vikiwa wazi kama mapanga ya feni, mpaka vikauke. Jua kali hupausha jalada na kulipindisha. Ukungu hauguswi ukiwa mbichi, kwani unapakaa. Ukikauka unakuwa unga, na unga huo hupigwa brashi nje ya nyumba, pua na mdomo vikiwa vimefungwa kitambaa. Rafu ya kuwekea iwe mbali na ukuta, maana hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 ukungu unarudi. Harufu iliyobaki huondolewa kwa kufungia kitabu kwenye boksi pamoja na bakuli la mkaa mkavu, visigusane, kwa wiki moja au mbili. Kurasa za karatasi ya kung'aa zilizolowa zikagandana zisibanduliwe. Zimekuwa kitu kimoja.

Kijitabu cha Kipalapala kinashonwa. Pini mbili zimekula karatasi zikaacha matundu ya rangi ya kutu. Miguu ya pini inanyooshwa kutoka ndani kwa ncha ya kisu, pini inasukumwa itoke kwa nje, bila kuvuta. Matundu matatu: mawili ya zamani na moja jipya katikati. Uzi mnene wa pamba, urefu mara mbili na nusu ya kijitabu, unapitishwa kwenye nta ya nyuki (ile ya Tabora, kipande cha ukubwa wa gololi kinatosha vitabu vingi) ili usiteleze wala kunywa maji. Sindano inatoka ndani kwa tundu la katikati ikiacha mkia wa sentimita 8, inaingia kwa tundu la juu, inashuka ndani mpaka tundu la chini na kutoka, inaingia tena katikati. Mikia miwili ikae pande mbili za uzi mrefu ulio ndani, ifungwe fundo juu yake. Ukivuta kuelekea juu karatasi inachanika. Vuta sambamba na mgongo.

Ukurasa uliochanika umeungwa kwa uji wa ngano: kijiko kimoja cha unga, vitano vya maji, moto mdogo mpaka uwe mzito na kuonekana kama kioo chenye ukungu. Unapakwa mwembamba, kwa sababu wadudu nao wanaupenda. Selotepu isiguse kitabu chochote. Mwaka wa kwanza inapendeza, kisha gundi yake inaingia ndani ya karatasi, inakuwa njano, plastiki inadondoka na doa linabaki.

Vitabu vitano vina matundu madogo ya mviringo yanayopita kutoka ukurasa hadi ukurasa. Huyo ni funza wa mbawakawa, tofauti na mchwa anayekula kwa mapana na kuacha udongo. Ukigonga kitabu juu ya karatasi nyeupe na kikadondosha unga mpya, yungali ndani. Dawa za kupuliza huchafua karatasi na mikono ya msomaji. Baridi inatosha: kitabu kikavu kabisa, kimefungwa ndani ya nailoni mbili zisizopitisha hewa, friza ya nyumbani, wiki mbili. Kikitolewa kinabaki kimefungwa siku nzima, mpaka kiwe joto lilelile la chumba, la sivyo umande utajikusanya ndani yake.

Mzigo wa kurudi ukae mbali na dagaa na madumu ya mawese. Harufu ya dagaa hutoka kwa mkaa na subira. Mafuta ya mawese hayatoki.

Friza iliyopatikana ni ya muuza samaki aina ya migebuka, kwa elfu mbili na ahadi ya kitabu kimoja cha hadithi kwa mwanawe. Vitano vimelala chini kabisa, na juu ya mfuniko pamebandikwa kipande cha boksi chenye maandishi ya penseli: "Kifurushi cha nailoni ni vitabu. Kisifunguliwe kabla ya wiki mbili. Si samaki."